Yai Lililozikwa Kwenye Ugali

Mwaka ule machimbo yalipolipuka kwa dhahabu, shemeji yangu alipata mawe mazuri na mtoto wake akaacha kula. Kila jioni shemeji alirudi nyumbani Nyangoto na vumbi mpaka kwenye kope, mkono huu soda, mkono ule biskuti, na binti yake wa miaka minne akaamua kwamba ugali wa mtama ni chakula cha watu waliokosa.

Mpishi nilikuwa mimi. Dada, mama wa mtoto, alishinda akiponda mawe, na mimi nilipenda kazi isiyonilazimisha kuongea na watu. Sufuria haiulizi maswali. Tatizo ni kwamba mpishi ndiye pia aliyempeleka mtoto kliniki.

Nesi akamning'iniza kwenye mzani, akaangalia kadi, kisha akaniangalia mimi mbele ya foleni nzima ya akina mama.

"Wewe ndiye baba?"

"Mjomba."

"Sema kwa sauti."

"Mjomba!"

"Haya mjomba, mtoto ameshuka tena. Mwezi ujao akishuka, namwandikia akalazwe mjini. Mboga anakula?"

Nikasema anakula. Mtoto akasema, "Sili."

Nilirudi nyumbani na hofu. Nilikatakata mgagani kama tumbaku, nikauficha ndani ya chapati. Akachambua kijani chote, akakipanga pembeni ya sahani, kisha akasema chapati inanuka. Boga alilitema. Dagaa aliwaonea huruma kwa sababu wana macho. Mama yangu akanishauri nimbane pua nimmiminie uji wa wimbi, ndivyo alivyotulea sisi. Nilijaribu. Ule uji niliuvaa mimi.

Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba akicheza machimbo na wenzake, anafukua shimo, wachimbaji huliita duara, kwa kijiko na kufoka, "Duara ni langu! Ukichimba hapa nakupiga!" Mchana huohuo nikampakulia ugali mrefu kama kichuguu. Ndani nilizika kiini cha yai na vipande vya boga.

"Hili duara lako," nikamwambia. "Lina dhahabu."

Akachimba. Nikamwacha peke yake, maana mchimbaji hapendi kutazamwa, na sahani ikarudi tupu. Ikawa hivyo siku nne. Niliringa sana. Nikamwambia dada kwamba mtoto hakuwa na shida yoyote, shida ilikuwa malezi yake yeye.

Siku ya tano nikafuata sisimizi. Walikuwa wanaingia chini ya godoro la mtoto, kwenye kopo, na ndani ya kopo vilikuwemo viini vyote na maboga yote, vinanuka kama buti la mchimbaji.

"Kwa nini hukula?"

"Dhahabu hailiwi, mjomba," akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mjinga. "Baba ataenda kuuza."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie ameze," akasema. "Kwetu kuna mmoja alimeza punje ya dhahabu mgao ulipokaribia, asigawane na wenzake. Tulimlinda mlango wa choo siku mbili."

Kesho yake nikakaa hapohapo mbele yake. Alipofukua kiini, nikagonga meza: "Wenzako hao wanakuja! Wanataka mgao!" Akameza bila kutafuna, ikabidi nimpe maji. Mgagani nikauviringa kama vidonge, nikasema ni madini ya kijani yanayotoka mbali. Madalali humdanganya baba yake kwa mabaya zaidi ya hayo.

Siku ya kliniki ikafika. Nesi akaangalia mzani mara mbili.

"Umepanda! Unakula nini siku hizi, mama?"

Mtoto akaikagua foleni. Akajibu kama baba yake anavyowajibu majirani wanaopeleleza: "Hatujapata kitu. Mawe tu."

Nesi akanigeukia, kalamu iko hewani. "Mjomba, unamlisha mawe?"

Foleni nzima ikanitazama. Ikabidi niongee. Nikaeleza kuanzia duara mpaka sisimizi, polepole, macho sakafuni, na hakuna aliyenikatisha. Nilipomaliza, nesi alikuwa ameuficha uso nyuma ya kadi, mabega yanatikisika. Mama mmoja mwenye mapacha akaniuliza, "Hilo yai unachemsha au unakaanga?"

"Nachemsha," nikasema. "La kukaanga halikai vizuri ndani ya ugali."