Mama Silabi na Mkate wa Kutupa

Kuna walimu wanaopenda madarasa ya juu, ambako watoto wamekwisha kujua kufunga kamba za viatu na kupenga kamasi bila kusimamiwa. Mama Silabi hakuwa mmoja wao. Alipoajiriwa katika ile shule ya masista alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Sasa alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado alikuwa darasa la kwanza. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Akiingia buchani, mwenye bucha, baba wa watu mwenye kitambi chake, husimama wima na kuficha sigara.

Mtu asiyejua hudhani darasa la kwanza ni kazi ya kulea. Aende akajaribu. Kuna ba be bi bo bu, silabi moja leo na nyingine kesho, haba na haba hujaza kibaba. Kuna kuhesabu vizibo vya soda bila kuvitia mdomoni. Kuna kuomba ruhusa ya kwenda msalani kabla mambo hayajaharibika. Kuna ishara ya msalaba, ambayo hufanywa kwa mkono wa kulia, "ule unaoshikia kijiko," na hapo wale wa shoto hubaki njia panda. Juu ya yote kuna sala ya Baba Yetu, ambayo kila mtoto huisema peke yake mbele ya wazazi mwisho wa mwaka. Sista Mkuu, aliyeiongoza shule ile kwa mkono usiotetereka, alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo: "Asiyekariri atakariri." Yaani asiyeijua sala kwa moyo atalirudia darasa. Hakuwa akitania.

Mwaka huo palikuwa na msichana waliyemwita Kimya, binti wa mwoka mikate wa barabara ya pili. Kusoma alisoma, tena kwa kasi. Hesabu alizila kama karanga. Lakini kila asubuhi sala ilipoanza, aliisema vizuri mpaka katikati, kisha akafunga mdomo kwa nguvu, kama anayekataa dawa, mpaka wenzake wafike Amina. Mama Silabi alimbembeleza, akambadilisha kiti, akamkemea, kisha akajuta kumkemea. Mtoto alimtazama tu kwa macho makavu.

Sista Mkuu akamwita baba yake. Mwoka mikate alifika mbio kutoka kazini, unga umemkaa kwenye nyusi, akakalia ncha ya kiti ofisini.

"Sista, nyumbani huyu anaongea mpaka tunaomba poo," alisema. "Tukimlaza, anaongea usingizini."

"Hapa hasali, mzee wangu. Ijumaa atasimama kama wenzake. Akishindwa, atabaki kwa Mama Silabi mwaka mwingine."

"Rafiki zake wote watapanda, Sista. Atajiona mjinga, na mimi najua si mjinga."

"Basi aseme."

Mama Silabi alikuwa amesimama mlangoni, na neno lile lilimchoma. Alikuwa amewaona watoto waliorudishwa. Walikaa nyuma na magoti yao marefu, na kitu fulani ndani yao kilizimika ambacho hakuna silabi iliyoweza kukiwasha tena. Aliapa moyoni kwamba huyu hatazimika mikononi mwake.

Jumatano ilikuwa zamu ya maneno yenye tu na pa. Aliandika ubaoni: tupa taka. Darasa likasoma kwa pamoja, dirisha likatetema. Mtoto mmoja aitwaye Kiherehere, ambaye hakuwahi kusubiri kumaliziwa sentensi, akatupa karatasi kwenye pipa kuonyesha kwamba ameelewa. Ndipo Kimya akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ndiyo maana ile mimi siisemi."

"Ipi, mwanangu?"

"Ya kumwambia Mungu autupe mkate wetu. Baba anaamka asubuhi sana kuoka. Mkono wake umeungua hapa na hapa. Halafu sisi tunaomba utupwe leo, na wa kila siku."

Mama Silabi alishika meza. Utupe leo mkate wetu. Alikuwa ameyafundisha maneno yale tangu ujana wake, na hakuwahi kuyasikia hivyo hata siku moja. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa mwalimu hawezi kufanya yote mawili mbele ya darasa la kwanza, akapenga kamasi.

"Nani mwingine anadhani tunamwambia Mungu autupe mkate?" aliuliza.

Mikono ikanyooka darasa zima. Kiherehere alinyoosha miwili. "Mimi nilidhani umeota ukungu," alisema.

Kuuliza si ujinga, na siku hiyo Mama Silabi aliona kwamba mjinga ni yule asiyeuliza kitu. Alifuta ubao wote. Akaandika: ni-pe. Akaandika: m-pe. Akaandika: tu-pe. Kisha akamkabidhi Kiherehere chaki na kumwambia Kimya, "Mwambie atupe chaki." Kiherehere, bila kupoteza muda, akaitupa nje ya dirisha. Darasa likaangua kicheko.

"Sawa, hiyo ni atupe moja," alisema Mama Silabi akichukua chaki nyingine. "Sasa sisi hatuna chaki, na yeye anayo. Mwambie tena."

Kimya akafikiri. "Atupe," alisema polepole. "A. Tu. Pe. Sisi."

"Na Mungu?"

"U. Tu. Pe." Alikunja uso. "Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika."

"Nitaenda kufikiri."

Mama Silabi alikwenda ofisini kueleza yote. Sista Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. "Nimeelewa, mwalimu. Lakini kueleza umeeleza wewe. Ijumaa nataka nimsikie yeye."

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi. Mwoka mikate alikaa mbele na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Watoto walipanda jukwaani mmoja mmoja, wakaimimina sala kama maji ya bomba, wakapigiwa makofi. Ilipofika zamu ya Kimya, Mama Silabi alikuwa ameshika ukuta.

Alianza vizuri. Jina likatukuzwa, ufalme ukafika. Kisha, palepale, akanyamaza. Mwoka mikate akainamisha kichwa. Sista Mkuu akavua miwani. Laiti sheria ingeruhusu, Mama Silabi angepanda akaseme yeye.

Kimya alikuwa anawageukia wazazi.

"Hapa msikilize vizuri," aliwaambia. "Hatusemi utupwe. Tunaomba tupewe. Mimi nilikuwa sijui, ndiyo maana nilikataa. Sasa najua."

Akavuta pumzi. "U. Tu. Pe," alisema, kila silabi na nafasi yake, "leo mkate wetu wa kila siku." Na hapo akaachia sauti ambayo shule haikuwahi kuisikia, akaisema sala mpaka mwisho, na Amina yake ilifika jikoni, maana mpishi aliiitikia.

Sista Mkuu akasimama.

"Nimepitisha watoto wengi hapa," alisema, "na sijawahi kumuuliza hata mmoja anaomba nini. Huyu anajua anachoomba. Darasa la pili."

Makofi yalilipuka. Mama Silabi alipiga mpaka viganja vikawaka, na miwani ya kichwani ikamwangukia puani juu ya ile nyingine. Mwoka mikate aliruka kutoka benchini, akamteremsha binti yake jukwaani, akamshika mabegani kwa ile mikono yenye makovu.

"Mwanangu," alisema. "Mwaka mzima ulinyamaza kwa ajili ya mkate wangu?"

Kimya alimtazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyekosea somo rahisi.

"Si wako, baba," alisema. "Ni wetu. Ndivyo tunavyosema."