Kifuniko cha sufuria ya chai

Marafiki, leo bibi yangu amepika rock and roll.

Hamuamini?

Ile santuri niliyoitafuta tangu nikiwa na nywele, leo mzee Mhindi mwenye duka mjini Ogembo amenipatia. Safi, haina hata mkwaruzo! Nikaiweka mezani, nikaenda kupangusa gramafoni.

Kurudi, iko juu ya sufuria ya chai inayochemka. Imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

"Mama Moraa, umeniua!"

"Si ni kifuniko, Baba Moraa? Hata kina tundu la kutoa mvuke."

Nimeijaribu. Sindano inapanda mlima, inateleza, inanyamaza.

Mhindi alisema hana nyingine. Na mimi miaka ya kutafuta tena sina.

Sasa Mama Moraa ananiuliza kama niko na kingine, cha sufuria ya maharagwe.

Nimjibu nini?