Daftari la Mama Kiden

Mwanangu, kabla hujaiwasha hiyo projekta yako, kaa kidogo. Naikumbuka siku moja niliyoaibika mbele ya darasa langu pale Buluk, mtaa wa mjini kwetu. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi, amani bado changa, nami nimerudi kutoka Nairobi na cheti cha uuguzi, kompyuta begani na maringo yasiyobebeka. Nikapewa wakunga wa vijijini niwafundishe siku tano.

Siku ya mwisho, usicheke, nilikuja na slaidi sitini! Zimejaa maneno juu hadi chini. Nikawapa watu mgongo nikasoma ukutani, nikimaliza moja nabonyeza nyingine. Wao wameinama wananakili, nami najiambia wamenogewa. Kumbe hawakuwa na kitabu. Walizoea ubao, ambapo maneno hukaa mpaka wa mwisho amalize kuandika.

Wakati wa chai alinifuata Mama Kiden wa Rejaf, mtu mzima kuliko mama yangu, daftari mkononi.

"Ya sista, hii maneno yako iko nakimbia sana. Angalia."

Nikaangalia. Ukurasa baada ya ukurasa, sentensi zilikuwa na mwanzo tu. Moja ilisema: *Mama akijifungua na damu ikazidi, kwanza* – basi, imekatika hapo.

"Kwanza nini, sista? Mimi kesho narudi nyumbani. Huko wewe hakuna."

Chai ilinishinda kwa haya. Hilo ndilo neno la kumwokoa mzazi, nami nilikuwa nimelikimbiza ili nionekane msomi.

Tuliporudi darasani nilibakiza slaidi moja, picha ya mfuko wa uzazi, ikakaa ukutani mchana kutwa, jenereta ikinguruma nje. Hatua nikaziandika ubaoni kwa chaki: paza sauti uite msaada, huku unasugua tumbo mpaka mfuko ukaze. Nikageuka nikawatazama. Mama Kiden akaja mbele akawaonyesha wenzake kwa mikono yake mwenyewe, na kicheko chake kikajaa chumba kizima. Natamani nikisikie tena, walau mara moja.

Sikumwona tena. Nilikwenda Rejaf mara ya kwanza, kaenda kuzalisha. Mara ya pili, miaka imepita, nikaonyeshwa kaburi. Binti yake akanitolea daftari. Ile sentensi ilikuwa imemalizwa, na karatasi pale imechakaa kwa kupitiwa na vidole. Nililia, mwanangu. Hata leo nikisikia jenereta ikinguruma namkumbuka.

Basi weka picha moja inayosema jambo, maneno machache, mengine yatoke kinywani mwako. Watazame watu, ukuta haujifunzi. Usibonyeze kabla kalamu ya mwisho haijatua, na umeme ukikatika somo libaki nawe. Mungu akujalie darasani mtu wa kukuuliza, "Kwanza nini?", na akupe subira ya kukaa naye mpaka amalize kuandika.