Uvimbe Wangu na Madaktari Kumi na Mmoja wa Al Nahda

Chumba chetu cha Al Nahda, huko Uarabuni, kilikuwa na vitanda sita vya dabodeka, friji moja na madaktari kumi na mmoja. Mgonjwa nilikuwa mimi peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kupakia mizigo kwa wakala wa kargo kule Deira. Siku moja niliinua friji la kwenda Dar, zito kiasi kwamba naamini ndani yake walificha friji jingine. Jioni, nikioga, nikakuta kinenani, upande wa kulia, pameota kitu mfano wa yai la kware. Nikilala kinaingia ndani. Nikikohoa kinatoka kunisalimia.

Nikafanya alichofanya kila mwanamume mwenye akili tangu dunia iumbwe: nikanyamaza. Aibu ilikuwepo, lakini hofu ndiyo ilitawala. Ofisi yetu iliajiri mabega na migongo. Asiyebeba hurudishwa kwao, khalas, na mimi viza yangu ilikuwa bado inanukia upya.

Mzee mmoja wa Unguja, mwenzetu wa chumbani, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al Twar, ndiye aliyenigundua.

"Mwanangu, mbona wachechemea?"

Nikamweleza. Akatabasamu kama profesa aliyeulizwa mbili jumlisha mbili.

"Huo mtoki. Hebu nizione nyayo zako."

Mtoki ni tezi la kinenani, huvimba ukiwa na kidonda mguuni. Basi baraza zima likainamia miguu yangu, likakuta lengelenge la buti za kazini. Kesi ikafungwa. Nikaloweka mguu kwenye maji ya chumvi siku kumi. Lengelenge likapona vizuri mno. Uvimbe nao ukafikia yai la kuku.

Mkenya mmoja tu, mlinzi wa jengo, alipinga. "Buda, hiyo ni henia. Enda hosi, daktari akuone." Hakuna aliyemsikiliza, maana hakutaja mzizi wowote wa kuchemsha. Hata mimi, mhitimu wa masomo ya jioni mwenye D ya baiolojia, niliona hana elimu.

Miezi miwili ikapita. Ijumaa moja mchana, baada ya pilau, yai likagoma kurudi. Nililala chali, likabaki pale pale, gumu kama jiwe, linauma hadi kwenye meno. Nikaanza kutapika.

"Tumkande kwa maji ya moto," mzee akasema.

"Mzee, hapo unakanda matumbo," Mkenya akajibu, akinivalisha kandambili. Nikamwambia kazi yangu itapotea. "Kazi utatafuta ingine. Matumbo utatafuta wapi?"

Hospitalini daktari akauliza ilianza lini. Nikasema jana. "Miezi miwili," Mkenya akasema, bila kunitazama.

Daktari akanieleza taratibu, kama anayeongea na friji. Ni henia, yaani ngiri: utumbo umepenya penye misuli dhaifu. Ukiwa bado unarudi ndani, mgonjwa hupanga miadi na daktari, hutibiwa kistaarabu. Ukinasa, ukawa mgumu, ukauma na kutapisha, damu inakatika na utumbo unaanza kufa. Hapo zinahesabiwa saa. Na hata tezi la mtoki, lisipopungua baada ya wiki mbili au likizidi kukua, lipelekwe likaonwe. Nikapasuliwa jioni ile ile.

Nilirudi Deira na karatasi inayosema nisibebe kitu kwa wiki sita. Msimamizi, ambaye nilimwogopa kuliko kisu, akaisoma. "Yalla, kaa pale uandike majina kwenye maboksi." Basi. Kwa kuogopa sentensi hiyo nilikuwa tayari kufa.

Wiki hiyo hiyo mzee alinisubiri hadi chumba kikabaki na sisi wawili tu.

"Mwanangu, na uvimbe ule unaorudi wenyewe, nao wapasuliwa?"

"Unao, mzee?"

Akajifunga msuli wake upya kiunoni, polepole. "Madam wangu wa Al Twar akijua, simwendeshei gari tena."

"Unao tangu lini?"

"Tangu kitinda mimba wangu azaliwe."

Kitinda mimba wake alikuwa chuo kikuu. Nikamwambia aombe ruhusa ya asubuhi moja, sababu aseme yoyote atakayo, na kwa daktari nitamsindikiza mimi, nikaseme ukweli kwa niaba yake.