Sabuni ya Jani la Mzabibu

Asnath wa Nkuhungu alitengeneza sabuni za mafuta ya alizeti, nzuri kwa ngozi ila tupu kama matofali. Kila alipozipamba kwa rangi, zilitoka madoadoa.

Siku moja mama mkwe wake alileta zabibu kutoka Hombolo, amezifunika kwa majani yake. Asnath aligeuza jani moja, akaona jinsi mishipa ilivyotuna upande wa chini, wazo likamjia. Alilipaka mafuta, akalitandika ndani ya boksi la kugandishia, mishipa ikielekea juu, kisha akamwaga juu yake taratibu sabuni ambayo haijaganda.

Kesho yake alivaa glovu, akaipindua sabuni na kulibandua jani. Lo! Kila mshipa ulikuwa umejichora. Akapiga kigelegele.

Wifi yake Devota, asiyeona tangu utotoni, alitoka akipapasa ukuta. "Kuna nini, wifi? Nipe na mimi nishike!"

"Bado mbichi, dawa yake ni kali, itakuunguza. Subiri ikomae."

Zilipita wiki kadhaa, na Devota hakuacha kuuliza. Hatimaye Asnath alimwekea kipande kiganjani bila kumwambia kilichochorwa. Devota alipitisha kidole polepole, akafuata mshipa mmoja hadi kwenye meno ya ukingoni, mara akaruka.

"Mzabibu! Wifi, hili ni jani la mzabibu!"

Walikumbatiana wakicheka mpaka majirani wakachungulia. Devota hakutaka hata kukaa.

"Lete ungo," alisema. "Na ule mkeka wa mama. Tujaribu kuvichora vyote kwenye sabuni leo leo!"