Uso wa Lameki Katika Faili Lisilofunguka

Pale Makambako, ukishuka kuelekea stesheni ya reli, kuna kibanda cha picha kati ya karakana ya mbao na gesti moja ambayo ujenzi wake hauishi. Mwenye kibanda watu humwita Mama Picha. Jina lake hasa ni Dafroza Haule, mtu wa Ludewa, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kama umewahi kuzika au kuozesha maeneo yale, basi karatasi uliyoshika mkononi kanisani huenda ilitoka kwake. Ratiba za mazishi, kadi za harusi, picha za pasipoti, zote hupita kwenye kompyuta moja ambayo hakuna mwingine mtaani anayeweza kuitumia. Na hapo ndipo shida yake ilipoanzia.

Kompyuta ile aliiandaa mumewe, Lameki Sanga, Mkinga wa Bulongwa, kule Makete. Lameki hakutaka Windows, alisema ni ya watu wanaopenda kubembelezwa. Aliweka Linux, akaondoa madoido yote, ikabaki dirisha jeusi na kialama kinachopepesa. Unaandika amri, mashine inatii: punguza picha, kata pembeni, weka jina la marehemu chini, peleka kwenye printa. Hata ile programu ya kushughulikia picha hakuichukua ikiwa tayari kama wenzake. Aliijenga mwenyewe papo hapo dukani kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ghafi ya programu, halafu akajisifu wiki nzima mpaka majirani wakamchoka. Akamfundisha mkewe amri zote, akamaliza kwa sharti moja.

"Humu ndani usiguse kitu, mama. Inafanya kazi, iache."

Naye hakugusa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua amri zile, hakutoka. Ubatizo wa mtoto wa dada yake kule Ludewa, abaki. Mavuno ya kwao, abaki. "Sasa nani atawahudumia watu?" wakwe walimwuliza, kwa upole kabisa, tena kwa sifa: "Wewe ndiye mtaalamu wetu." Jamani, sifa nyingine bora hata utukanwe, maana mtu akikutukana angalau unaweza kuondoka.

Lameki alipougua figo alipelekwa nyumbani Bulongwa, akalazwa, na Dafroza akabaki dukani. Akapanga kwenda Jumapili, ukaja msiba wa watu wa stesheni. Akapanga kwenda katikati ya wiki, ikaja harusi. Wakawa wanazungumza kwa simu tu. Simu ya mwisho alipiga yeye. Printa ilikuwa imetafuna karatasi, watu wamejaa mlangoni, naye akamfokea mgonjwa bila hata salamu: "Mashine yako hii, Lameki! Umenifunga hapa kama mbuzi, wewe umelala huko!" Upande wa pili akasikia sauti ya wifi yake, Jenifa, ikisema, "Kaka, hebu geuka huku nikupige picha." Dafroza akakata simu kwa hasira. Kesho yake Lameki akafariki.

Alikuja kumwona kwenye jeneza, amevimba, na uso ule haukuwa wa Lameki. Tangu siku hiyo kila akifumba macho amkumbuke mumewe, unakuja uso ule ule wa kwenye jeneza, hautaki kupisha. Ndiyo maana picha ile aliyopiga Jenifa aliitaka kuliko kitu chochote duniani. Jenifa aliituma kwa barua pepe baada ya mazishi, kutoka kwenye simu yake ya bei mbaya, kisha simu yenyewe ikaibwa Dar es Salaam na kila kilichokuwemo. Likabaki faili moja kwenye kompyuta ya dukani, jina lake linaishia na HEIC.

Halikufunguka. Simu ndogo ya Dafroza ilionyesha kijivu kitupu. Mashine ya Lameki nayo, kila ikiamriwa, ilijibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba haina wa kusoma picha za aina hiyo. Hebu fikiria! Imechapa nyuso za mji mzima, wazima kwa wafu, ikifika zamu ya mwenye mashine inagoma. Dafroza alilia, akaacha, kwa sababu aliambiwa asiguse.

Mwaka ukazunguka, ukafika wakati wa kusimika msalaba. Kwa watu wa Makete hilo si jambo la kupita tu: ukoo unakusanyika, mchungaji anakuja, msalaba wa saruji unawekwa kaburini, watu wanaimba na kula pamoja. Ibada ilipangwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi shemeji yake, Edson, mdogo wake Lameki, akashuka na gari kutoka Njombe kuleta maneno ya ratiba.

"Picha weka ile ya kitambulisho, shemeji," akasema.

"Ile amefumba macho nusu. Anaonekana mlevi."

"Ndiyo iliyopo. Kazi yake ilikuwa kupiga wenzake, yeye mwenyewe hakuacha hata moja ya maana."

"Ipo ya Jenifa."

"Si ndiyo ile haifunguki? Nipe niende nayo Njombe. Kuna kijana pale stendi, hakuna kinachomshinda."

Dafroza akashika ukingo wa meza. "Edson, uso wa mume wangu auone kwanza kijana wa stendi, halafu ndipo niuone mimi? Hapana. Sikupi."

Edson akatazama chini. Si mtu mbaya, tuseme ukweli, ila ni wale watu wanaokupangia maisha huku wakikupa pole. "Haya, mpaka kesho saa sita. Ikishindikana, weka ya kitambulisho," akasema. Alikuwa ameshawasha gari alipokumbuka jingine. "Tena ukishachapa, mpe mzigo kondakta wa basi la Makete, sisi tutapokea. Wewe usisumbuke kuja. Jumamosi ni siku ya harusi hapa, duka halifungwi. Mama anaelewa, amesema tutakuombea hukohuko."

Tutakuombea hukohuko! Msalaba wa mumewe unasimikwa, yeye abaki Makambako akiwaambia watu wanyanyue kidevu. Dafroza alifungua mdomo, gari likawa limeshaingia barabarani.

Mzee Kornelio, mwenye karakana ya mbao, alikuwa amesikia yote, maana ukuta kati yao ni bati. Akaja amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene, Mama Picha. Kwani hiyo mashine ukiigusa inang'ata?"

"Lameki alisema nisiiguse."

"Lameki alisema pia mbao zangu ni mbichi, na bado wananunua. Yuko wapi sasa wa kukugombeza?"

Lilikuwa neno baya kumwambia mjane, na Kornelio mwenyewe alijua, akaanza kujipangusa vumbi ambalo halitoki. Lakini Dafroza alicheka, kicheko chenye machozi, akavuta kiti.

Akaanza kusoma kwenye simu yake, akiwauliza watu asiowajua wa mbali ambao mashine zao ziliwahi kuwagomea vilevile. Wakamwambia kinachokosekana ni kipande cha programu kinachojua kusoma picha za simu zile. Akakishusha, akakiweka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongeza kitu ndani ya mashine ile. Akaamuru picha ifunguke. Jibu likawa lile lile, haina wa kuisoma.

"Mshenzi wewe," akaiambia.

Akarudi kusoma. Ikamchukua mchana mzima kuelewa, na alipoelewa alitaka kumfufua Lameki amgombeze upya. Watu wengine hutumia programu iliyokuja na mfumo, ambayo ukiongeza kipande inakitambua. Bwana fundi alikuwa amejenga ya kwake, na programu ya kujengwa hivyo inajua tu vile vilivyokuwepo siku ilipojengwa. Siku ile kipande cha picha hizi hakikuwemo. Unaweza kukileta leo, kikakaa ndani ya mashine hiyohiyo, na programu ya Lameki isijue kama kipo. Dawa ni moja, kuijenga upya.

Kuijenga upya! Yaani kufumua kazi ya mikono ya Lameki. Na ikiharibika katikati, hakuna picha, hakuna ratiba, hakuna duka, na ukoo mzima umekaa Bulongwa unasubiri. Ijumaa asubuhi alifika mapema, akachapa kwanza kadi zote za watu wa harusi, asije akawaponza. Akachapa na ratiba chache zenye picha ya kitambulisho, zikiwa akiba. Kisha akaikuta folda ya Lameki pale alipoiacha, akanakili kila kitu pembeni, akaandika amri ya kwanza.

Mashine ikajikagua, mwisho ikatoa jedwali la aina za picha inazozijua. Kwenye mstari wa HEIC iliandika hapana. Akasonya. Kumbe kipande kile kina sehemu mbili, moja ya kutumia na nyingine ya kujengea, naye alileta ya kutumia tu. Akaleta ya pili, akarudia. Safari hii mstari ule ukaandika ndiyo, na Dafroza akapiga kelele hadi gesti wakachungulia.

Ikabaki kujenga kwenyewe. Mistari ikaanza kukimbia kwenye dirisha jeusi, na taa ikafifia. Randa ya Kornelio! Kila akiiwasha umeme wa mtaa unalegea, na betri ya akiba ya kompyuta ilishakufa siku nyingi. Dafroza akakimbilia mlango wa pili.

"Zima! Mzee, zima hiyo kitu!"

"Nina wateja, wewe mwanamke!"

"Lameki yuko njiani, zima!"

Kornelio akaizima. Wateja wake wakalalamika, akawaambia wakakae kwenye magogo, kuna mgeni anaingia. Karakana nzima ikanyamaza.

Mistari ikakoma. Dafroza akaiandika ile amri ambayo ilikuwa imemkatalia mwaka mzima, na safari hii mashine haikujibu neno. Picha ikajitandaza kioo kizima.

Lameki alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kwenye jua la Bulongwa, amevaa sweta la kijani ambalo mkewe alilifuma. Amekonda, ndiyo, shingo imebaki mishipa. Lakini alikuwa anacheka, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje. Na mkononi alikuwa na simu, ameiweka mbali kidogo na sikio, kama mtu anayepigiwa kelele.

Dafroza akaelewa ni simu ipi.

Mwaka mzima alijua kwamba maneno ya mwisho mumewe kuyasikia kutoka kwake yalimuumiza. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa hivi, anagombezwa na mke wake na amefurahi kabisa. Akaweka kiganja kwenye kioo, akalia kwa sauti, wala hakujali nani yuko mlangoni. Kisha akafumba macho kujaribu, na aliyekuja alikuwa Lameki anayecheka.

Saa sita simu ikaita. "Shemeji, imefunguka?" akauliza Edson.

"Imefunguka."

"Ashukuriwe Mungu! Si nilisema wewe ndiye mtaalamu wetu? Basi mpe kondakta mzigo, urudi kazini."

"Nimekusikia," akasema Dafroza, akakata.

Akachapa ratiba zote, akazifunga kwa kanga. Akazima kompyuta, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika mchana wa siku ya kazi. Mlango wa bati ulikuwa mgumu kwa kutu, Kornelio akaja kumsaidia kuuvuta. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa kupigwa picha ya pasipoti akauliza fundi anarudi lini.

"Sijui, mama," akasema Dafroza. "Nenda tu."

Basi la Makete lilipofika, kondakta aliruka chini, akanyoosha mkono kama alivyozoea kupokea mizigo yake ya kila wiki. "Mama Picha! Lete. Unashuka wapi huu?"

Dafroza akampita, akapanda ngazi na mzigo wake kifuani.

"Bulongwa," akasema. "Tunashuka wote."