Sikandwi Mpaka Arudi

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Utende, wakati Mdachi anatawala kutoka Chole. Daktari wake alikuwa wa askari. Sisi wanawake tulikuwa na wakunga wawili, shangazi wa mume wangu na mpwa wake, msichana aliyekuwa akimfunza kazi.

Shangazi alikuwa fundi, sina kasoro ya kumtoa. Lakini mwezi ule wanawake wa kujifungua walifuatana. Mwanamke akishajifungua, mkunga humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini, na yeye alikuwa nao Ndagoni, alikuwa nao kwetu. Anatembea, halali. Hasira zote zikamshukia mpwa: mikono yako ya kuchimbia muhogo, akili huna. Wewe uko katika uchungu, unasikia matusi badala ya dua. Mpwa akawa hasemi kitu.

Siku yangu, mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka, shangazi ameshanawa. Nikamwona mpwa analigeuza lile kondo, anafungua mdomo, anaufunga. Damu yangu haikatiki.

"Sema," nikamwambia. "Anayekufa ni mimi, si yeye."

"Halijatimia. Kipande kimebaki."

Shangazi akatazama, akarudi kazini, akakitoa. Damu ikapungua. Alipopata pumzi akamwuliza mpwa kama siku hizi yeye ndiye mwalimu.

Kesho yake mpwa hakuja. Alileta salamu kwamba yuko shambani, ukunga basi. Shangazi akaja peke yake kutoka Ndagoni, akaanza kunikanda, akasinzia amekaa, kitambaa cha moto juu ya tumbo langu. Nikakiondoa mwenyewe. Alipozinduka nikamwambia akamrudishe mwenzake.

"Nikambembeleze mtoto niliyemfunza mimi?"

"Basi sikandwi."

Mama mkwe akapiga kelele nyumba nzima. Mzazi asiyekandwa huharibika, na aibu ni ya mkunga. Mimi mwenyewe niliogopa. Maziwa yananiuma, tumbo zito, nageuka huku na huku, mlango ukilia nainua kichwa. Lakini sikulegeza.

Mwisho shangazi akaenda shambani. Walilosemezana huko sikuambiwa. Walirudi pamoja, mpwa ana udongo miguuni. Akanawa. Shangazi akamsogezea chungu cha maji.

"Yatazame wewe. Yamezidi moto?"

"Yamezidi."

Shangazi akaongeza ya baridi. Hata sijamaliza kukandwa akawa ameshamkaripia tena, sababu mafuta. Safari hii mpwa alimjibu. Wakabishana juu ya kichwa changu, na mimi nikapata usingizi.